Nani Alizima Taa za Kambi

Jumatatu, 3 Juni

Amerudi! Mtunzi amerudi!

Habari imenikuta kazini, pasi mkononi, suruali ya mteja imelazwa mezani. Nusura niiunguze. Mwalimu wa Hisabati ndiye aliyeandika kwenye kundi letu la simu, tena kwa herufi kubwa tupu – yeye ambaye hata "habari za asubuhi" huiwekea nukta. Mtunzi wa Kambi ya Chumvi amehojiwa redioni. Alikuwa nje ya nchi, amerejea, na amepewa ruhusa ya kuimalizia tamthilia yetu. Kuimalizia!

Miaka minane tangu kituo cha runinga kiikate. Bila sababu, bila samahani. Nakumbuka kama jana. Taa za kambi zinazimika zote kwa mpigo. Nahodha anapapasa gizani mpaka kwenye mlango wa chuma, anaushika mpini. Na nje – kwenye sayari isiyo na hewa wala mtu, chumvi tupu hadi macho yanapoishia – mtu anabisha hodi. Basi. Majina ya waigizaji yakapanda. Wiki iliyofuata, saa ile ile, wakatuwekea mashindano ya mapishi. Nililia kama nimefiwa.

Nimempigia mume wangu karakanani kwake. Akasema, "Ehe? Vizuri." Kisha akauliza kama nimeiona bisibisi yake ndogo. Ndiye niliyenaye huyo. Fundi wa friji, mtu mwema, ila kichwani mwake mna gesi na kompresa tu. Kwenye mikutano ya kundi huja kutupangia viti, kisha hulala.

Sitalala mimi leo. Amerudi!

Jumatano, 5 Juni

Kundi limechanganyikiwa. Ujumbe juu ya ujumbe, simu inatetemeka mfukoni kama ina homa. Kinyozi anasema anayebisha hodi ni roboti. Muuza Viatu anasema ni kifo chenyewe. (Kwa Muuza Viatu kila kitu ni kifo.) Mwalimu amechora ramani ya kambi, na mishale ya rangi tatu, na hakuna aliyeielewa. Jambo moja tu wamekubaliana wote: aliyezima taa ni huyo huyo wa nje.

Nasoma, nacheka peke yangu. Wifi yangu akaniuliza nani ananichekesha hivyo. Yeye ni dada wa mume wangu na tunafanya kazi pamoja hapa kwa dobi, yeye anafua, mimi napiga pasi, kwa hiyo hakuna ninachoweza kukificha. Nikamwambia ni watu wa chumvi. Akatikisa kichwa. Wifi anaamini kundi letu ni aina ya ugonjwa.

Mimi namjua anayebisha. Sikubahatisha – nilisikiliza. Hodi ile ina mapigo yake: matatu ya haraka, moja la kuchelewa. Na kwenye sehemu ya kwanza kabisa, Nahodha anamfundisha mdogo wake kugonga kikombe vivyo hivyo, kabla mdogo huyo hajapotea kwenye dhoruba. Ni mdogo wake! Yuko hai! Hakuna mwingine aliyeligundua hilo. Sijaliandika kwenye kundi hata siku moja. Nimelitunza kwa ajili ya Mtunzi mwenyewe, siku nitakayoonana naye uso kwa uso. Nimemwambia mume wangu tu, naye alikuwa anafunga skrubu, sidhani kama alisikia.

Tena kundi lina sheria. Sehemu ile ya mwisho haitazamwi tena mpaka Mtunzi akae na sisi chumba kimoja. Iko kwenye simu ya kila mtu, na hakuna anayeigusa. Mimi sijaigusa. Hata nilipolazwa hospitali, wiki nzima natazama dari, sikuigusa.

Jumamosi, 8 Juni

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Tunakula mchana. Mume wangu anatafuna zake taratibu. Anasema, "Leo nimetengeneza friji ya yule mama yenu."

Mama yetu yupi?

"Wa chumvi."

Kijiko kikanidondoka. Kumbe Mtunzi amepanga mtaa wa juu, nyumba ile yenye geti la kijani, na friji aliyoikuta humo imekufa. Akaulizia fundi. Akaelekezwa kwa – nani tena! Amekaa jikoni kwa Mtunzi asubuhi nzima. Amekunywa chai ya Mtunzi! Nikamwuliza, yukoje? Mfupi, akasema. Nikamwuliza, mmeongea nini? Mambo ya kawaida, akasema, kompresa, umeme mdogo. Halafu yule mama akataja tamthilia yake, akauliza kama anaijua.

"Nikamwambia naijua. Nikamwambia yule wa nje ni mdogo wake Nahodha, kwa ajili ya ile hodi."

Nikaisukuma sahani yangu kando.

"Akasemaje?"

"Akaweka kikombe chini. Akasema miaka yote hii hakuna mtu aliyemwambia hivyo. Akasema nina masikio."

Ana masikio! Mtu anayelala saa ikimlilia kichwani!

"Ulimwambia ni mimi niliyegundua?"

Akafikiri. Kwa uaminifu kabisa, akafikiri.

"Hakuuliza," akasema.

Nimeondoa sahani yake kabla hajamaliza. Amebaki ameshika kijiko hewani. Ningekuwa na hodi nyingine moyoni, ningeifungia humo, na ufunguo ningeumeza.

Jumapili, 9 Juni

Sijaongea naye tangu jana. Jioni akawa anatazama mpira, miguu juu ya meza, anapiga mluzi – mluzi! Nikaingia jikoni, nikafunga mlango, nikashusha swichi kuu ya umeme. Iko pale ukutani kando ya mlango, mume wangu ndiye aliyeiweka. Nyumba nzima giza, runinga kimya.

"Umeme umekatika," akasema kule sebuleni.

"Hata mimi naona," nikasema.

Nikamsikia anapapasa, anagonga goti kwenye meza, anaita jina langu kuuliza kama niko salama. Nikakaa kwenye kigoda, mgongo mlangoni, nikaandika haya kwa mwanga wa dirishani. Daftari hukaa kwenye droo ya mifuniko, na kalamu yake, kwa hiyo sikuhitaji kwenda popote. Umeme nimemrudishia mechi ilipokwisha.

Nimejisikia vizuri. Sina haya ya kulisema.

Jumanne, 11 Juni

Leo mume wangu amekuja kwa dobi na mfuko. Blauzi za Mtunzi! "Nimemwambia mke wangu anapiga pasi hakuna mfano," anasema, meno yote nje. Alikwenda tena kwake – mara hii ni mpira wa mlango wa friji umelegea, eti. Kwa hiyo sasa Mtunzi anajua kwamba fundi ana mke, na huyo mke anapiga pasi. Hilo ndilo alilonisemea. Hilo tu!

Wifi akangoja aondoke. Akanisogelea, povu hadi kwenye viwiko.

"Wifi, fumbua macho. Friji gani hiyo inaharibika kila siku? Na sasa nguo! Kesho atakuletea na mashuka."

"Siyo hivyo."

"Siyo hivyo nini? Mimi ni dada yake, namjua toka anatambaa. Hajawahi kunyoa ndevu katikati ya wiki."

Ni kweli, amenyoa.

Nikamwambia simwogopi huyo mama. Akacheka, akasema wote husema hivyo, kisha wanakuja kulia kwenye bega lake, na bega lake limechoka. Lakini nilisema kweli tupu. Siogopi Mtunzi anichukulie mume wangu. Naogopa mume wangu anichukulie Mtunzi! Sasa hilo utamweleza nani? Hata kuliandika naona aibu. Wenzangu wakiona wivu wa mapenzi wanahurumiwa, wanaletewa chai, wanaambiwa pole dada. Mimi naumwa roho kwa ajili ya hodi.

Blauzi nimezipiga pasi. Nilitaka kuacha kunjo moja kwenye kola, makusudi. Nikashindwa. Ile ya bluu yenye vifungo vya mbao nimeirudia mara mbili, imenyooka kuliko nguo ya bibi harusi. Aivae, aone.

Ijumaa, 14 Juni

Wakati wa mapumziko wifi akafungua redio. Mtunzi tena. Sauti yake ya chini, ya mtu asiye na haraka. Mtangazaji akamwuliza kama mashabiki bado wanamkumbuka baada ya miaka yote hiyo. Akasema ndiyo, na zaidi ya hapo: yuko fundi mmoja wa friji ambaye amesikia alichokificha, na maneno ya fundi huyo yamemfanya aandike upya mwanzo wote.

Kundi limelipuka. Fundi! Fundi wetu! Mwalimu ameandika, "Kumbe alikuwa halali, alikuwa anasikiliza." Vikatuni vya makofi mstari hadi mstari. Kinyozi ameahidi kumnyoa bure hadi kufa. Muuza Viatu amefurahia hasa hilo la kufa.

Niliandika "Hongera", nikafuta. Niliandika "Mnajua kwamba", nikafuta. Nikisema leo kuwa ni mimi, nani ataamini? Wataona mke anamwonea mumewe kijicho. Na hawatakuwa wamekosea.

Wifi ananitazama. Ameniwekea soda mezani. Anadhani nimeachwa.

Jumamosi, 15 Juni

Mkutano. Tunakutana kila mwezi kwenye chumba cha nyuma cha duka la matairi. Kiti cha mbele, kile chenye mto, ni changu tangu siku ya kwanza, kwa sababu kundi hili tulilianzisha mimi na Mwalimu, watu wawili na runinga ya kuazima. Leo nimeingia, nikamkuta mume wangu amekalishwa hapo.

"Shemeji, wewe kaa popote," Mwalimu akaniambia.

Popote! Nimekaa juu ya tairi.

Wakaanza kumwuliza. Kwa nini Daktari wa kambi huweka kikombe kimoja zaidi mezani? Akajibu jibu langu. Kwa nini Nahodha halali kitandani? Jibu langu. Neno kwa neno, hata ile "sasa fikiria" ninayoanzia nayo. Kumbe alikuwa anasikia! Miaka yote hii nadhani naongea na skrubu, kumbe alikuwa anaweka. Sikujua kama nifurahi au nimrushie kiti. Alipokwama akakohoa, akanitazama. Nikatazama matairi. Akakohoa tena. Mwalimu akamletea maji.

Halafu habari kubwa. Mtunzi atatutembelea Jumamosi ijayo, na tutaitazama naye sehemu ya mwisho, kama sheria inavyosema. Ila harufu ya matairi humpa maumivu ya kichwa, kwa hiyo ameomba iwe nyumbani kwa Fundi, watu wachache tu. Nyumbani kwa Fundi! Yaani kwangu! "Na Shemeji atatuandalia chakula," Mwalimu akasema, wala hakuniangalia, alikuwa anaandika.

Njiani nikamwuliza mume wangu kwa nini hasemi ukweli. Tukapita duka la dawa. Kisha akasema, "Watu huniuliza friji itapona lini. Basi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nafikiri nini."

Nilitaka kumjibu vibaya. Mimi pia sijawahi kumwuliza, tukisema kweli. Tumetembea hadi nyumbani kila mtu na yake.

Lakini bado ni hodi yangu!

Jumanne, 18 Juni

Mtunzi amempa mume wangu mtihani. Amemwuliza: taa za kambi, nani alizizima? Tena amemdokeza kwamba si wa nje, hapo mashabiki wote wanakosea. Basi mume wangu ananizunguka tangu asubuhi kama paka aliyesikia sufuria ikifunuliwa. Ameosha vyombo bila kuambiwa. Amesifu nywele zangu, na nilikuwa nimefunga kilemba.

"Hivi, mama watoto," akaanza. (Watoto wako kwa bibi yao, likizo. Bahati yao, hawayaoni haya.) "Hivi zile taa, wewe unaonaje?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote nimehangaika na hodi, taa sikuzijali. Mimi pia niliamini ni wa nje. Lakini shetani akanikalia begani. Nikaweka sahani chini, nikakausha mikono taratibu.

"Sasa fikiria," nikasema. "Ni mpishi."

"Mpishi yupi?"

Hapo aliuliza la maana. Kuna mpishi kwenye sehemu ya tatu. Anaingia na sufuria, anaiweka mezani, anatoka. Hana jina, hana neno, na tunaona mgongo wake tu.

"Mpishi wa kambi. Alizima taa mwenyewe, akiwa jikoni kwake."

"Kwa nini?"

"Wewe mpelekee tu. Ataelewa."

Ameumeza uongo wangu mzima mzima! Nimemsikia bafuni anarudia polepole, mpishi, mpishi, asije akasahau. Nimecheka hadi mbavu zimeniuma, nimejiziba mdomo kwa taulo. Aende akaseme mpishi! Mtunzi amtazame mara moja tu vile anavyostahili kutazamwa. Sijui upuuzi huo nimeutoa wapi, ila nimeupenda.

Alhamisi, 20 Juni

Sicheki tena.

Mume wangu amerudi anang'aa. Mtunzi aliposikia neno mpishi alikaa chini. Alikuwa amesimama, akatafuta kiti, akakaa. Akamwuliza, "Nani mwingine anajua?" Kumbe alimweka mpishi pale makusudi, mgongo kwa kamera, akingoja aje mtu amwone. Hakuna aliyemwona. Wakaikata tamthilia, mpishi akabaki jikoni na siri yake. Na sasa Mtunzi anataka Jumamosi Fundi aeleze mbele ya wote kwa nini mpishi alizima taa. Maana yeye mwenyewe analo jibu lake, amesema, lakini halijawahi kumtosha.

Nilishika ukingo wa sinki. Upuuzi wangu! Uongo niliousema kumkomoa mtu – ndio ukweli! Nimewahi kuwaonea wivu wengi. Wifi na kiuno chake. Jirani na mashine yake ya kufulia. Leo nauonea wivu upuuzi wangu mwenyewe. Ukitoka kinywani mwangu ni maneno ya mtu anayekausha sahani. Ukitoka kinywani mwake, watu wanatafuta kiti.

"Kwa hiyo alizizima kwa nini?" akaniuliza.

"Sijui."

"Usinifanyie hivyo."

"Sijui kweli! Nilisema tu!"

Hakuamini. Amekaa kwenye ukingo wa kitanda na soksi moja mguuni, anatazama sakafu. Anadhani namkomoa. Na wiki nzima hii, hapa tu ndipo nimemwambia kweli.

Jumamosi, 22 Juni, asubuhi

Nimefagia, nimerudia kufagia. Maneno nimeyakariri. Mlango nitaufungua mimi, si mwingine, na nitasema: Mimi ndiye niliyesikia hodi. Hakuna zaidi. Nimeyajaribu mbele ya kioo. Yanatoka vizuri ukiwa na kioo.

Mume wangu hajanywa chai. Anafungua friji yetu, anaitazama ndani, anaifunga.

Jumamosi, 22 Juni, jioni

Niko jikoni. Mlango nimeufunga, kigoda kile kile, mgongo mlangoni. Wako sebuleni. Naandika upesi.

Amekuja. Ni mfupi kweli. Amevaa ile blauzi ya bluu. Nimefungua mlango mimi, kama nilivyopanga, na maneno yakapanga foleni kooni, yakasukumana, na nikasema, "Karibu, viatu acha tu." Viatu acha tu! Akagusa kola yake, akasema, "Wewe ndiye uliyeinyoosha hii? Mungu akubarikie mikono yako." Nikasema asante. Nikakimbilia jikoni kwa sababu kuna kitu kinaungua. Hakuna kilichokuwa kinaungua.

Wamekula. Wamesifu. Muuza Viatu amesema chakula kama hiki mtu angetaka kukila siku yake ya mwisho. Mwalimu amempongeza Fundi kwa kupata mke anayejua kupika. Wifi alikuja kunisaidia, nimemfukuza akakae na kaka yake. Nasikia amejibana katikati ya kaka yake na Mtunzi, analinda mpaka.

Kisha wakaanza kuitazama. Sehemu ya mwisho! Nilikuwa navua aproni, nakuja, nimeshafika mlangoni, na Mwalimu akasema bila kugeuka, "Shemeji, chai itakuwepo?" Nikarudi kubandika maji. Na hivyo ndivyo nilivyoiona mimi, mwanzilishi, niliyengoja bila kuigusa hata hospitalini. Kupitia ukuta. Nimesikia taa zinazimika. Nimesikia viganja vya Nahodha kwenye chuma. Nimesikia hodi – matatu ya haraka, moja la kuchelewa – na sebuleni hakuna aliyepumua, na mimi nimeshika birika.

Nimelia. Tuseme ni mvuke.

Sasa ni sauti ya Mtunzi. Ile ya chini. Anasema, haya, Fundi, tuambie. Mpishi. Kwa nini?

Mume wangu anakohoa. Anakohoa tena. Leo hana wa kumtazama, nimefunga mlango. Mwalimu anasema mpeni maji.

Kiti kinasogezwa. Mume wangu anaongea polepole, kwa ile sauti anayotumia kumwambia mteja kwamba friji haiponi. Anasema hajui. Mpishi hamjui, taa hazijui, na hodi hakuisikia yeye. Yote aliyompelekea Mtunzi hayakuwa yake, aliyabeba tu. Anasema, "Mwenyewe yuko jikoni."

Kinyozi amecheka, amedhani ni mzaha. Akaona wenzake hawacheki, akaacha. Wifi anasema, "Ati nini?" Kwa sauti ya mtu aliyelinda geti siku zote na kuambiwa halina nyumba.

Mtunzi anauliza, "Yule aliyenifungulia?"

"Mama watoto!" ananiita. "Njoo. Tafadhali, njoo."

"Nakuja," nimesema.

Sijainuka.

Nilidhani nitaruka. Ndicho nilichokitaka, kila siku, kila ukurasa wa daftari hili, ndicho hiki! Na kimekuja, na nimezidi kuchukia. Mpaka yeye aseme ndipo niwepo! Hata ukweli wangu umetoka kinywani mwake. Kesho kundi zima litaandika jinsi Fundi alivyo mwungwana. Na ni mwungwana, hilo ndilo linaloniua. Mimi nisingeweza kusimama mbele ya watu wale na kusema kama alivyosema yeye.

Na swali bado liko pale sebuleni, sasa linaningoja mimi. Mpishi, kwa nini. Nilimwambia mume wangu sijui, na sikujua. Nimetazama sufuria hizi, zimebaki ukoko tu. Mikono yangu inanuka vitunguu.

Najua.

Alikuwa amekaa hivi hivi. Upande wa pili wa ukuta wamekaa kwenye mwanga, wameshiba, wanaulizana mambo makubwa ya sayari, na kila walichokuwa nacho tumboni kimetoka kwake. Swichi iko hapo, karibu na bega. Hakutaka kumdhuru mtu. Alitaka mara moja tu wanyamaze, wageuke wote, waulize kuna nini jikoni. Halafu mtu akabisha hodi nje, ikawa balaa lingine. Sikuutoa popote upuuzi ule! Nilikuwa nimeshaufanya, Jumapili ile, mpira ukiendelea.

Nyayo. Nyepesi, si za mume wangu. Zinakuja, zinapita meza, zimesimama.

Anagonga. Nausikia mgongoni, kwenye mbao. Mapigo matatu ya haraka.

Moja la kuchelewa.

Anangoja. Mpini uko kulia kwa kichwa changu. Swichi iko kushoto. Sebuleni taa inawaka na wote wamenyamaza, nadhani wameshageuka huku. Kalamu bado ninayo, na nikiiweka tu chini, mkono huu utakwenda upande mmoja